Kaa la Moto kutoka kwa Jirani

"Ubwenge burarahurwa" ni msemo wa maneno mawili tu. Umbo hilo ni la Kirundi na Kinyarwanda, lakini ukitamkwa jikoni Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, jirani Muha hana haja ya mkalimani. Kwa Kiswahili cha haraka watu huufasiri kwamba akili hutafutwa kwa wengine. Tafsiri hiyo si kosa, ila imeacha nyuma kitu chenyewe. Kurahura si kutafuta, wala si kujifunza, wala si kuazima. Ni kwenda kwa jirani kuchukua moto pale moto wa nyumbani unapozimika.

Kiha, Kirundi, Kinyarwanda, Kihangaza, Kishubi na Kivinza ni lugha za ukoo mmoja, na wasemaji wake huelewana bila kwenda darasani. Mpaka wa Tanzania na Burundi umepita katikati ya ukoo huo. Upande wa Tanzania umekatwa tena kiutawala: Buhigwe ilitoka Kasulu na Kakonko ikatoka Kibondo, zote mwaka 2012. Misemo ya akina mama haikufuata ramani yoyote kati ya hizo.

Sarufi ya msemo huu inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndipo ulipofichwa ujanja wake. Ubwenge ni akili, ule werevu wa kujua la kufanya. Bu- ya mwanzo wa kitenzi inaurudia ubwenge, kama vile Kiswahili kinavyosema "uji umeiva". Na ile -w- ya mwisho ni -w- ileile ya Kiswahili katika "hupikwa" na "huombwa". Kwa hiyo akili huchotwa motoni, lakini haikusemwa na nani wala kwa nani. Mchotaji hana jina na mwenye jiko hana jina. Mtoto anayeambiwa maneno hayo hawezi kulalamika kwamba ametajwa, ingawa anajua vizuri kwamba ndiye anayesemwa.

Kiswahili nacho kina kitenzi chake cha kazi hii, kupalia, yaani kutoa makaa jiko moja na kuyapeleka jiko jingine. Siku hizi wengi wanakijua kwa kupalia mahindi, au kwa mtu aliyepaliwa na maji akakohoa. Masalia ya mila yenyewe yamebaki katika utani: mgeni akiaga kabla hajakalia kiti vizuri, huulizwa kama amekuja kuomba moto.

Na kweli, mwenye kuomba moto hakai. Kazi hiyo ilikuwa ya watoto, na kila hatua yake ilikuwa na sababu. Moto wa jikoni ulitakiwa ulale bila kufa. Usiku kuni nene huvutwa nje ya mafiga, makaa yakafunikwa majivu, asubuhi majivu yakafukuliwa na kupulizwa. (Figa lenyewe ni neno la ukoo mmoja: ng'ambo ya mpaka huitwa ishiga.) Majivu yakiwa machache, makaa huungua hadi kwisha. Kuni zikiwa mbichi, hufa zenyewe. Paa likivuja wakati wa masika, basi tena. Asubuhi kama hiyo mama hutazama ng'ambo, nyumba ipi inafuka moshi, kisha huita mtoto.

Mtoto alikwenda na chombo chochote kisichoungua upesi: kigae cha chungu kilichovunjika, kipande cha gome, wakati mwingine kifungu cha majani makavu kilichofungwa vizuri. Kigaeni huwekwa majivu kwanza ili joto lisipite hadi vidoleni, kisha makaa mawili matatu. Kaa moja peke yake hufa njiani, mengi humwagika. Kaa la mti mgumu husafiri vizuri kuliko la kijiti. Gunzi la mahindi lililoshika moto nalo husafiri vizuri, kwani huungua polepole kutoka ndani.

Kisha ulikuja mwendo wenyewe, na hapa ndipo jambo hili linapomnasa mtu. Mtoto akikimbia, upepo hulipuliza kaa likawaka, likaisha kabla ya kufika, au cheche zikaruka kwenye nyasi kavu za kiangazi. Akizubaa, kaa huvaa majivu na kuzimika, akafika nyumbani na kigae cha vumbi. Akisimama kucheza, ni yale yale. Kuna mwendo mmoja tu unaofaa, wa haraka isiyo mbio, mkono mmoja ukikinga upepo, macho yakigawana kati ya njia na kigae, na kila baada ya hatua kadhaa pumzi ndogo ya kuamsha makaa. Hakuna aliyeweza kumfundisha mtoto mwendo huo kwa maneno. Alitumwa, kaa likafa, akarudishwa, akaenda tena mbele ya jirani yuleyule.

Kurudi mbele ya jirani yuleyule ndilo jambo gumu. Kuomba moto ni kukiri kwamba wa kwenu umezimika. Mtoto alipaswa kuamkia kwanza, kwa adabu zote za Buha, nchi ya Waha, kusubiri wakubwa wamalize maneno yao, halafu aseme shida iliyomleta. Nyumba nzima ikajua. Mwenye moto, kwa upande wake, hapungukiwi na kitu. Akitoa makaa matatu, maharage yake yanaendelea kutokota kama kawaida. Msemo umeyabeba yote mawili, aibu ndogo ya mwombaji na ukarimu usiomgharimu mtoaji. Mama anapomwambia mtoto kwamba akili hurahurwa, hasemi tu "uliza wenzako". Anamwambia pia kwamba njia ya kwenda kuuliza itamtia haya, na kwamba akishapewa asipoangalia atafika mikono mitupu.

Matumizi yake ni mengi. Mtoto anayeona haya kumuuliza mwalimu huambiwa hivyo. Anayejisifu kwamba amejua mwenyewe huambiwa hivyohivyo, kwa sauti nyingine. Anayegoma kwenda kwa shangazi au bibi kujifunza kazi, naye huambiwa. Padri Rodegem alichapisha mkusanyo wake mkubwa wa misemo ya Kirundi huko Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1961, na kazi ya namna hiyo ni hazina. Hata hivyo kitabu huhifadhi maneno bila ile sauti. Mtu mzima anayekumbuka msemo wa mama yake hukumbuka siku alipoambiwa, alichokuwa amefanya, na chungu kilichokuwa motoni.

Kwa nini sauti hiyo ni ya mama zaidi kuliko ya baba? Jibu moja ni la jikoni: mwenye moto ndiye mwenye watoto jioni nzima, na maharage hayaivi kwa dakika kumi. Jibu la pili liko kwenye reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na wakati wa Waingereza Buha ikawa ghala la vibarua. Kuanzia 1944 ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, iliyojulikana kwa jina la SILABU, iliandikisha wanaume wa Kigoma, Kasulu na Kibondo na kuwapeleka Tanga na kwingineko. Waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa. Wengine walirudi na baiskeli na blanketi, wengine walirudi miaka mingi baadaye, wengine hawakurudi. Jikoni walibaki akina mama na watoto. Katika kaya nyingi malezi ya maneno, ya kukanya na ya kutia moyo, yalikuwa mikononi mwa mtu mmoja, na misemo aliyoirudia kila siku ndiyo iliyokuwa mtaala.

Kiswahili kina methali yake juu ya kazi hiyo, na kila mtoto wa shule ya msingi anaijua: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ni methali ya onyo. Mama ndiye shule, na ulimwengu unasubiri nje na fimbo. Ubwenge burarahurwa unakwenda kinyume kabisa. Hapa mama mwenyewe ndiye anayemtoa mtoto nje, kwa sababu moto wa nyumbani unaweza kuzimika, na nyumba ya pili si adui. Mtoto wa Kasulu hukua na zote mbili, moja ya nyumbani na moja ya ubaoni, tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi mwaka 1967. Haielekei kwamba walimu waliwahi kuzisimamisha pamoja na kuwauliza wanafunzi ipi ni ya kweli. Ile ya nyumbani ina heshima zaidi kwa mtoto, na pengine kwa jirani pia. Ile ya ubaoni inamjali mama zaidi.

Mazingira ya msemo yalibadilika kwa awamu. Zamani nyumba za Buha zilisimama mbalimbali juu ya matuta, kila kaya na migomba yake, na kwenda kuomba moto ilikuwa safari. Operesheni Kigoma, kuanzia 1972, iliwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa vyenye nyumba zilizopangwa kwa mistari kando ya barabara. Kwa ghafla jirani akawa hatua ishirini. Ajabu ni kwamba jirani aliposogea, haja ya kwenda kwake ilikuwa tayari inapungua, maana kiberiti kilikuwa kimeshaenea madukani. Kuomba moto kukabaki kwa siku ambayo njiti zimelowa au senti hazipo. Kitenzi cha kurahura kikabaki mdomoni kikiwa na kazi moja tu, ya akili.

Au karibu hivyo. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, na mwaka 2015 Warundi wakamiminika tena. Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka huohuo, na Mtendeli, Kakonko, ikafuata mwanzoni mwa 2016 hadi ilipofungwa 2021 na watu wake kuhamishiwa Nduta. Katika kambi, kuni ni jambo la kila siku na la ugomvi. Zinafuatwa porini, mara nyingi na wanawake na watoto, na wenyeji wanazitaka kuni hizohizo. Anayepika kwa kuni za shida anajua thamani ya kaa la jirani kuliko mwenye kiberiti kizima mfukoni.

Kambini msemo unapata ukali ambao haukuwa nao. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa, na kutoka kunahitaji kibali. Watoto wa Kirundi walisomeshwa kwa mtaala wa Burundi na wa Kikongo kwa mtaala wa Kongo, wakati kilomita chache tu kutoka hapo mtoto wa Kiha anasoma kwa Kiswahili. Mama wa Kirundi na mama wa Kiha wanaweza kuwaambia watoto wao jambo lilelile, kwa maneno yanayokaribiana sana, jioni ileile. Mmoja wa watoto hao anaweza kwenda kwa jirani yeyote amtakaye. Mwingine jirani zake wamehesabiwa na kuandikishwa. Je, mama huyo wa pili huutamka msemo kwa moyo uleule, au huuruka?

Mabadiliko ya sasa ni makubwa kuliko ya kiberiti. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa macho na mapafu ya mwanamke aliyepuliza kuni miaka hamsini, ni habari njema isiyo na ubishi. Lakini gesi haina makaa. Haifunikwi majivu usiku, haibebwi kwenye gunzi, na mtungi ukiisha anayetumwa hupewa pesa, si kigae. Mtoto atakayezaliwa Kasulu mjini katika nyumba ya namna hiyo atausikia msemo, kwa sababu bibi yake bado anao. Itabidi kwanza aelezwe moto ulikuwa nini, ulizimikaje, na kwa nini mtu mzima alimkabidhi mtoto mdogo makaa yanayowaka, akamtuma avuke nayo bonde.