Kompyuta ya video na gemu kwa kijana aliyeko Johannesburg: anzeni na umeme

Mwaka wa masomo katika vyuo vya Afrika Kusini huanza Februari. Basi kila ikifika Disemba napokea simu kutoka Maskati, Dubai na Doha, na suali ni moja: kijana wetu anakuja Johannesburg kusoma filamu, tumuungie kompyuta gani? Naishi mji huu na kazi yangu ni kuhariri video, kwa hivyo naona bora niwajibu wote kwa pamoja.

Suali si dogo. Pesa zenyewe mara nyingi ni mchango wa baba, ami na mjomba. Na kijana huyo huyo ndiye atakayekabidhiwa kanda za harusi za zamani na mazungumzo ya bibi aliyezaliwa Unguja, azisafishe na azihifadhi. Gemu ikikwama huanzwa tena. Sauti ya bibi ikipotea hairudi.

Kwanza niwatoe wazee wasiwasi. Kompyuta nzuri ya kuhariri video inakaribiana sana na ya gemu, kwani zote mbili zinataka prosesa ya kasi na kadi ya grafiki. Tofauti ni kwamba gemu huegemea zaidi kadi ya grafiki, na video hutaka pia RAM ya kutosha na hifadhi kubwa. Ukiipanga kwa ajili ya video, gemu zitacheza. Ukiipanga kwa gemu peke yake, kazi ya skuli ndiyo itakayobanwa.

Umeme, radi na hewa

Vijana huanza na kadi ya grafiki. Mimi nawaambia waanze na umeme. Afrika Kusini imeishi na mgao tangu 2007, na mwaka 2023 ulikuwa mbaya kuliko yote. Tangu mwishoni mwa Machi 2024 hali imetengenea sana, lakini 2025 mgao ulirudi mara kadhaa, na katika mitaa ya Johannesburg umeme hukatika pia kwa hitilafu za kawaida. Ukikatika wakati kompyuta inaandika faili, faili hilo linaweza kuharibika.

Kwa hivyo katika bajeti tieni UPS. Someni wati, si VA peke yake, maana UPS ya VA 1000 mara nyingi hubeba wati 600 tu. Kompyuta ya kiasi nitakayoieleza hapa chini hula takriban wati 250 ikifanya kazi nzito, na skrini kama wati 30. UPS hiyo itampa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utulivu. Anayetaka kuendelea na kazi kwenye mgao wa masaa mawili anahitaji inveta na betri. Betri ya lithiamu ya uniti moja, yaani wati 1000 kwa saa, itamfikisha kama masaa matatu.

Kisha kuna radi. Kuanzia Oktoba hadi Machi mji huu hupata ngurumo nyingi za alasiri. Kifaa cha kuzuia umeme unaopanda ghafla ni rahisi kuliko bodi mpya, na mvua ikikaribia ni bora kuchomoa kabisa.

Johannesburg iko takriban mita 1,750 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kwa kama moja ya sita kuliko ya Maskati, na feni hupoza kwa hewa. Feni ile ile huku hufanya kazi kidogo zaidi. Chagueni kasha lenye uso wa matundu na feni mbili au tatu, si lile la kioo kitupu mbele. Liwe na vichujio vya vumbi pia, kwani siku moja kompyuta itarudi nyumbani Ghuba. Huko hewa ni nzito, lakini joto na vumbi mnavijua wenyewe.

Vipuri vyenyewe

Prosesa ya kiasi kama AMD Ryzen 5 7600, yenye viini 6, inamtosha mwanafunzi. Inakaa kwenye soketi ya AM5, ambayo AMD imeahidi kuiendeleza angalau hadi 2027, kwa hivyo baadaye anaweza kubadilisha prosesa bila kutupa bodi. Wanaopenda Intel waangalie herufi ya mwisho. Prosesa yenye F, kama Core i5-12400F, haina grafiki ya ndani, na sehemu hiyo husaidia sana kufungua video za kamera na simu.

RAM iwe GB 32, vipande viwili vya 16, kwani viwili hupitisha data kwa kasi kuliko kimoja. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda bei sana. Pesa zikipungua, anzeni na 16, lakini acheni nafasi wazi kwenye bodi. Na hakikisheni aina: bodi ya AM5 inakubali DDR5 tu.

Kadi ya grafiki ya daraja la RTX 4060 ina GB 8 na hula wati 115. Kwa uhariri, RTX 3060 ya GB 12, ingawa ni ya zamani, ina nafasi zaidi kwa video za 4K. Pawa saplai iwe ya wati 550 au 650, yenye alama ya 80 Plus na jina linalojulikana. Hapo msibane pesa, maana ikiungua huweza kuondoka na vyote.

Kanda za zamani hazitaki mashine ya nguvu, zinataka nafasi. Saa moja ikihifadhiwa kwa mfumo wa DV hula takriban GB 13. Saa moja ya kamera ya kisasa inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45. Wekeni SSD ya NVMe ya TB 1 kwa programu na kazi inayoendelea, na diski kubwa ya kawaida kwa hifadhi.

Kununua huku au Ghuba?

VAT ya Afrika Kusini ni asilimia 15. Oman na Imarati ni 5. Hapo ndipo watu hutamani kujaza begi Dubai. Kumbukeni kwamba forodha ya huku inaweza kudai kodi kwa vitu vipya, na kipuri kikifa mtakirejesha kulikonunuliwa. Ukinunua kwa mfanyabiashara wa Afrika Kusini, Sheria ya Kulinda Walaji, namba 68 ya 2008, inakupa miezi 6 ya kurudisha kitu kibovu, na wewe ndiye unayechagua kitengenezwe, kibadilishwe au urudishiwe pesa. Risiti isitupwe.

Umeme wa nchi hizi ni wa volti 230 hadi 240, kwa hivyo kijana akirudi Maskati atabadilisha waya tu, kutoka plagi ya huku ya pini tatu nene za duara.

Jambo la mwisho ndilo la kwanza kwangu. Kabla ya kijana kugusa kanda ya bibi, iwe na nakala tatu: moja ndani ya kompyuta, moja kwenye diski ya nje inayochomolewa kila akimaliza, na moja nyumbani Maskati. Bajeti ikibana, punguzeni daraja la kadi ya grafiki, lakini diski ya nje inunuliwe.