Keki Ing'ae, Lakini kwa Halali

Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Keki ya harusi ya siku hizi ni mkakasi mtupu. Imevikwa koti la sukari, laini kama kauri, na adui wa koti hilo ni maji. Na hewa ya Mombasa, ndugu msomaji, haikosi unyevu.

Zamani harusi zetu za Majengo zilitosheka na halwa, mkate wa mayai na mkate wa sinia. Halwa nayo hung'aa, lakini mng'aro wake hauna siri: ni wanga, sukari na samli, na mkono usiochoka kukoroga. Leo usiku wa kupamba watu hutaka keki ya ghorofa, na wako kinamama wapatao riziki kwa kazi hiyo majumbani mwao. Koti lile huitwa fondanti. Aghalabu ni sukari ya unga, glukosi, glisirini na jelatini, vikakandwa, vikasukumwa kama chapati kubwa, kisha ikafunikwa keki.

Ili isigande mezani hunyunyiziwa wanga wa mahindi, na wanga huo ndio huiacha keki na mabaka meupe. Hapo ndipo mng'aro hutafutwa. Wapishi wengi wa Ulaya na Marekani huchanganya glukosi ya maji na vodka, sawa kwa sawa, wakapaka kwa brashi. Sababu yao yaeleweka: maji huyeyusha sukari na kuacha alama, ilhali kileo hukauka upesi.

Nilimwuliza mpishi mmoja wa Majengo juu ya jambo hili. Akanijibu: "Ami, wako wasemao ni tone tu, na hukauka. Mimi chupa ile haiingii jikoni mwangu. Anayekula hakuniona nikipaka."

Hapo amesema kweli. Mgeni wa harusi hula kwa amana. Na Sura ya al-Maida, aya ya 90, imetuamrisha kukiepuka kileo, haikutuambia tukipunguze. Jelatini nayo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa, ya ng'ombe au ya nguruwe. Wanazuoni wamekhitalifiana kama kugeuka kwake kwaondoa uharamu, lakini aliye na hadhari hununua yenye alama ya halali, au hutumia agari itokanayo na mwani.

Basi njia safi ni ipi? Ipo, tena nyepesi. Kwanza pangusa wanga kwa brashi laini iliyo kavu. Kisha chukua chombo cha mvuke cha kunyooshea nguo, chenye maji safi, ukishike mbali kidogo na keki. Pitisha haraka, usisimame mahali pamoja hata matone yakafanyika. Mvuke huyeyusha ngozi ya juu tu ya sukari. Mabaka hutoweka na keki ikang'aa. Usiiguse. Iache mbele ya feni hata ikauke, maana kidole kikitua hapo alama haitoki. Mng'aro huo hupungua ukikauka, kwa hivyo kazi hii hufanywa mwisho, karibu na saa ya kuipeleka keki.

Wengine hupaka mafuta meupe ya mboga, kidogo mno, kwa kiganja. Yafaa kwa rangi nzito, lakini hayakauki, hivyo keki ishikwe kwa uangalifu.

Na ikitolewa kwenye friji ikatoa jasho, usiifute. Ukifuta umeiharibu. Iache feni iikaushe yenyewe.

Enyi mnaoagiza keki, msiulize bei na rangi peke yake. Ulizeni pia imeng'arishwa kwa nini. Wala mpishi asione amedharauliwa kwa kuulizwa: mwenye jiko safi hujibu kwa furaha, na jibu lake ndilo litakalomletea wateja kesho.