Kumjua Kiongozi Kabla ya Kumchagua (Sehemu ya Tatu): Mdahalo wa Runinga

Wamalawi walipiga kura Septemba 16, 2025, na Peter Mutharika akarejea Ikulu kwa karibu asilimia 57, akimwacha Lazarus Chakwera kwenye 33. Kwa watu wa bonde la Kyela hizo si habari za mbali, maana anayesimama Kasumulu anaiona Malawi ng'ambo ya Mto Songwe. Uchaguzi huo umelirudisha swali lililoahidiwa mwishoni mwa sehemu iliyopita: je, mdahalo wa wagombea kwenye runinga unamsaidia mpiga kura kuchagua?

Mwaka 2014 Malawi iliandaa midahalo ya urais, na Rais Joyce Banda akakataa kuhudhuria. Aliishia nafasi ya tatu. Ni rahisi kusema runinga ndiyo iliyomwangusha, lakini kashfa ya wizi wa fedha za serikali, Cashgate, ilikuwa imemlemea tangu 2013. Miaka mitano baadaye Mutharika naye, akiwa Rais, aliukwepa mdahalo na bado akatangazwa mshindi. Ushindi huo ulifutwa na mahakama Februari 2020 kwa sababu ya fomu za matokeo zilizopakwa wino mweupe wa kufutia. Kiti alichokiacha wazi ukumbini hakikumponza.

Kenya inasema vivyo hivyo. Februari 2013 wagombea wanane walisimama jukwaa moja jijini Nairobi, na mwalimu Mohammed Abduba Dida, ambaye wengi hawakuwa wamewahi kumsikia, akawavutia watazamaji kwa majibu yake. Kura alizopata ni 52,000 na ushei, katika kura zaidi ya milioni 12. Mwaka 2017 Uhuru Kenyatta hakutokea, Raila Odinga akahojiwa peke yake. 2022 Raila ndiye aliyesusa, William Ruto akajibu peke yake. Msusiaji wa kwanza alitangazwa mshindi, wa pili akashindwa.

Mtu anaweza kupendeza kwa saa mbili. Wazee wa Kinyakyusa walilijua hilo, na hapa inafaa kutulia kidogo.

Wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walikuta utaratibu ambao vijana wa leo wa Kyela hawafundishwi darasani. Mvulana wa miaka kumi hivi aliondoka nyumbani kwa baba yake akaenda kujenga na wa rika lake. Walichunga pamoja, wakalala pamoja, wakala kwa mama zao kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Waliishi kijiji kimoja hadi uzeeni. Mwenzako alikujua ulivyogawa chakula, ulivyokasirika, ulivyomtendea mgonjwa. Ukaaji huo mwema waliuita ukwangala, na Monica Wilson akaufanya kiini cha kitabu chake cha 1951, Good Company.

Ulipofika wakati wa ubusoka, sherehe ya kurithishana utawala, malafyale (chifu) mzee aliwakabidhi wanawe nchi, moto wa zamani ukazimwa na mpya ukapekechwa. Ndipo wakuu wa vijiji, amafumu, wakateuliwa kwa ajili ya kizazi kipya. Malafyale alikuwa wa ukoo, lakini ifumu hakurithi cheo kwa baba yake. Amafumu wazee waliangalia nani ana busara na nani anasikilizwa na wenzake. Hata baada ya kuteuliwa hakuwa huru kufanya atakavyo: wanakijiji wakinung'unika kwa pamoja, iliaminika pumzi yao ingemletea homa mkosaji, hata kama ni malafyale. Wanawake hawakuwa na sauti katika uteuzi huo, na kasoro hiyo haifai kufichwa. Lakini kanuni yake ilikuwa sahihi: kumchunguza mtu ni kazi ya miaka.

Tanzania nayo iliwahi kuonja faida ya runinga kwa namna hiyo ya muda mrefu. Mdahalo wa urais wa 1995, uliowakutanisha Benjamin Mkapa, Augustine Mrema, Ibrahim Lipumba na John Cheyo, bado unasimuliwa, ingawa wakati huo televisheni ilikuwa changa mno Bara na vijijini wengi hawakuuona. Kilichowafunza wananchi zaidi ni Bunge. Februari 2008 mbunge wa Kyela, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliwasilisha ripoti ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, nchi nzima ikitazama, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Hapo mwananchi aliwaona wakubwa wakibanwa kazini, na si katika msimu wa kuomba kura. Kisha Januari 2016 serikali ikatangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, ikitaja gharama. Ulikuwa uamuzi mbaya. Gharama ya mpiga kura asiyejua ni kubwa kuliko ya mitambo.

Na uchaguzi mkuu wa Tanzania wa Oktoba 29, 2025? Chama cha upinzani CHADEMA kilienguliwa, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, aliyekamatwa Mbinga mwezi Aprili mwaka huo, alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Mdahalo wa urais wenye pengo hilo ungemsaidia mpiga kura kidogo sana.

Udiwani na ubunge ni jambo jingine. Redio za jamii zinaweza kuwaweka wagombea wa Ipinda, Ngonga na Matema mezani, wakulima wakawauliza kuhusu kakao na stakabadhi ghalani, wa kandokando ya Songwe wakauliza kuhusu mafuriko. Majibu yahifadhiwe. Atakayeshinda aitwe tena kila baada ya miezi sita, asomewe aliyoyasema, ajibu mbele ya waliomchagua. Wenye redio na viongozi wa kata wakae sasa, wakubaliane tarehe ya kikao cha kwanza.