Unapanda Kilimanjaro? Usifiche Maumivu ya Kichwa



Vikundi vya vijana na kwaya huwa vinatuuliza juu ya maandalizi ya kupanda Mlima Kilimanjaro, vingine kwa mapumziko, vingine ili kuchangisha fedha za kisima au zahanati. Tunawapongeza. Ila maswali mengi yanahusu viatu na makoti (ambayo mtayapata kwa bei ya mitumba soko la Memorial, Moshi), na machache mno yanahusu hewa. Hewa ndiyo inayowarudisha watu njiani, na mara nyingine kuwaua.

Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Pale kila pumzi inakupa kama nusu tu ya oksijeni unayoipata Dar es Salaam. Mwili huweza kuzoea, lakini unahitaji siku kadhaa. Madaktari wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Sasa tazameni njia ya Marangu: Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, na Kibo 4,700 hivi. Kila siku ni karibu mita 1,000! Kwa hiyo safari ya siku tano ni nafuu kwa mfuko tu. Chagueni siku sita, mlale Horombo mara mbili. Siku hiyo ya ziada msikae kibandani. Pandeni taratibu hadi Miamba ya Pundamilia, kisha mrudi kulala palepale.

Ujana na mazoezi havimkingi mtu. Mara nyingi kijana mwenye nguvu ndiye anayeumia, kwa kuwa anakimbia mbele ya wenzake. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa hamu ya chakula. Mwenye dalili hizo asipande zaidi mpaka zimwishe. Akianza kuyumba kama mlevi, kuongea yasiyoeleweka, au kuhema na kukohoa hata akiwa amekaa, ubongo au mapafu yanajaa maji. Huyo ateremshwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, na asiachwe peke yake.

Hapa ndipo vikundi vyetu vina hatari yake. Washarika wameshaahidi michango, picha ya kileleni inasubiriwa, na anayeumwa anaona aibu kusema. Wengine husema tumwombee kisha tuendelee. Tumwombee, naam, lakini tukiwa tunashuka naye. Kabla ya safari mkubaliane kwamba michango italipwa hata msipofika kileleni. Jambo hilo litawaokoa kuliko koti lolote.

Dawa ya acetazolamide husaidia mwili kuzoea, lakini itolewe na daktari, naye aambiwe kama una mzio wa dawa za salfa. Haifanyi kazi badala ya kushuka. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande kabisa. Pombe na dawa za usingizi ziachwe nyumbani.

Tusiwasahau wapagazi. Nao hupatwa na ugonjwa huohuo, na wengi huficha kwa kuogopa kukosa ujira. Mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na ni vizuri mkashuhudia ukipimwa langoni. Kabla ya kulipa kampuni, ulizeni wapagazi watalala wapi, watakula mara ngapi kwa siku na kama wana nguo za baridi. Mpagazi akiugua ateremshwe akiwa na mtu, kama ambavyo ungeteremshwa wewe. Na bahasha ya shukrani mwisho wa safari itolewe mbele ya wote, kila mmoja akisikia fungu lake ni kiasi gani.