Kujenga Upya Banda la Miche ya Mikarafuu kwa Nguvu za Kujitolea

Katika shehia zenye vitalu vya miche ya mikarafuu, wananchi pamoja na watumishi wa Serikali wanaoungana nao siku za mapumziko huuliza mara kwa mara iwapo banda la kitalu lililochakaa laweza kujengwa upya na watu wasiokuwa mafundi. Jawabu ni kuwa laweza, lakini kwa sharti kwamba kazi ianze mapema na ifuate utaratibu. Maelezo haya yanatolewa ili sababu za sharti hilo zifahamike.

Mbegu ya mkarafuu haiwekeki ghalani kama ya mahindi au mpunga. Tunda likishaiva na kugeuka rangi ya zambarau, mbegu yake hurowekwa usiku mmoja, ikamenywa ganda na kupandwa ingali mbichi. Ikikauka, hufa katika muda wa siku chache tu. Kwa hiyo banda lisilokuwa tayari matunda yanapoiva limekwisha poteza msimu mzima, na banda likianguka juu ya miche hupoteza zaidi, kwa kuwa mche hukaa kitaluni mwaka mmoja hadi miwili kabla ya kupelekwa shambani. Huko shambani nako mkarafuu huchukua miaka 6 hadi 8 ndipo uanze kuzaa. Wazee wetu waliyajua hayo kwa uchungu: kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na kuirejesha haikuwa kazi ya mwaka mmoja wala miwili. Pemba, ambayo haikudhurika kwa kiasi hicho, ndiyo iliyoshika uongozi wa zao hili.

Kazi ya kwanza basi ni ukaguzi, nayo haihitaji ufundi bali subira. Kila nguzo ya zamani huchimbuliwa udongo kidogo penye shina na kudungwa kwa ncha ya kisu usawa wa ardhi. Hapo ndipo nguzo huoza kwanza, kwa kuwa ndipo unyevu na hewa vinapokutana. Sehemu ya juu yaweza kuonekana nzima na huku chini imebaki kama sponji. Kisu kikizama kwa urahisi, nguzo hiyo haifai kubeba kitu. Hata hivyo isichomwe moto, kwani ikikatwa sehemu mbovu, iliyobaki hufaa kwa kingo za matuta.

Nguzo mpya zisitafutwe kwa kuingia mikokoni na mapanga. Misitu ya mikoko inalindwa na sheria, na Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 ndiyo iliyoweka utaratibu wa kusimamia na kuhifadhi rasilimali za misitu hapa Zanzibar. Kibali huombwa kwanza, na sheha ndiye wa kuanza kuonana naye. Aidha, desturi ya kupaka miguu ya nguzo oili chafu ya magari ili kuzuia mchwa haifai kitaluni, kwa sababu oili hiyo hupenya katika udongo ule ule unaolea miche. Yatosha kumenya magamba, kuiunguza nguzo juu juu sehemu itakayozikwa, na kushindilia mawe madogo kuizunguka.

Watu wengi wasio na uzoefu hukosea katika kupima pembe, na banda lililoanza kombo haliwi sawa tena. Dawa yake ni kamba. Huchukuliwa kamba ya dhiraa 12, ncha zake zikaunganishwa, na alama zikatiwa kwenye dhiraa ya 3 na ya 7 kuanzia penye fundo. Watu watatu wakishika fundo na alama hizo mbili na kuivuta kamba ikaze, hupatikana pande za dhiraa 3, 4 na 5, na pembe iliyo kati ya pande mbili fupi ni mraba kamili. Nguzo husimamishwa kwa timazi, na jiwe lililofungwa uzi latosha kuwa timazi.

Si haki kuwaita wanaojitolea watu wasiojua kitu. Fundo la mvuvi hushinda msumari wa seremala mgeni, hasa pepo za kusi zinapovuma. Akina mama wanaosuka makuti ndio mafundi wa paa hili, nao wapewe sauti katika jambo hilo badala ya kuachiwa kupika chai. Fundi mmoja mwenye uzoefu atosha kusimamia nguzo na mitambaapanya. Ilivyozoeleka ni kuwa siku ya kwanza hujaa watu na hotuba, na siku ya tatu hubaki wachache. Kwa hiyo kazi nzito ya mashimo ifanywe siku ya kwanza.

Paa la kitalu si paa la nyumba. Makuti ya viungo yakipangwa kwa kubanana huleta giza, na mche hurefuka ukiwa dhaifu. Yanayofaa ni makuti ya kumba, yakilazwa juu ya fito kwa kuachiana nafasi hata jua lipite kiasi cha nusu, kisha yakabanwa kwa fito nyengine juu yake ili upepo usiyaondoe. Banda lilazwe kutoka mashariki kwenda magharibi, na upande wa magharibi uteremshiwe kumba hadi usawa wa magoti, kwa kuwa jua la alasiri hupenya chini ya paa na kuunguza miche ya pembeni.

Miezi michache kabla ya kuhamishia miche shambani, kumba huondolewa kidogo kidogo ili miche izoee jua. Zile zilizo nzima zihifadhiwe mahali pakavu, kwani zitahitajika kuifunika miche michanga shambani katika wiki zake za mwanzo.