Habari za Vijiji vya Mfongo Mmoja

Mtu apandaye Mlima Kilimanjaro kutoka nchi tambarare ya Moshi, akisha kuingia penye migomba, huona ya kwamba vijiji vya huko havikujengwa kama vijiji vya nchi nyingi. Nyumba haionani na nyumba kwa sababu ya migomba na miti, wala hapana mahali peupe ambapo mgeni aweza kusema, “Hapa kijiji hiki kimekwisha, na pale kingine kimeanza.” Kila nyumba imo ndani ya kihamba chake, yaani shamba la urithi lenye migomba, mikahawa, magimbi na viazi vikuu, na ng’ombe mmoja au wawili waliofungwa zizini. Basi mgeni hujiuliza maswali mawili: Watu hawa wasioonana huunganishwa na kitu gani? Nao hupashanaje habari? Katika somo hili tutayajibu maswali hayo, nanyi mtaona ya kuwa majibu yake yamefungamana.

Kitu kinachowaunganisha ni maji. Mito ya mlimani hupita chini sana katika makorongo, na vihamba viko juu migongoni mwa vilima. Maji hayapandi mlima. Wazee wa kale wa Wachagga walifikiri sana juu ya jambo hili, wakapata njia. Walifuata mto wakapanda, mpaka wakafika mahali palipo juu kuliko vihamba vyao. Hapo wakajenga banio kwa mawe, matawi na udongo, wakachimba mfereji mwembamba ubavuni mwa korongo. Mfereji huo huteremka polepole, na mto huteremka kwa haraka. Kwa hiyo kadiri viendavyo, mto huzidi kuwa chini na mfereji huzidi kuwa juu yake, hata mwisho mfereji hutokea mgongoni mwa kilima penye vihamba. Palipokuwa na bonde dogo, maji yalivushwa kwa magogo yaliyochongwa mfano wa mtumbwi. Palipovuja, pakazibwa kwa udongo na vigogo vya migomba. Mfereji wa namna hii huitwa mfongo, na ikiwa mingi huitwa mifongo. Wasafiri wa Ulaya waliofika mlimani katika karne ya 19 waliistaajabia kazi hii, maana walioifanya hawakuwa na vyombo vya kupimia. Walitumia macho yao, na maji yenyewe yaliwaonyesha kama njia inateremka au inapanda.

Mfongo mmoja waweza kunywesha vijiji vitatu au vinne. Kwa hiyo tangu kale pana sheria zake. Baada ya mvua za masika watu hutoka kuusafisha mfongo. Kila nyumba hutoa mtu, na kila kijiji hupewa fungu lake la kufyeka magugu na kuzoa matope. Asiyekwenda bila sababu hutozwa faini. Maji hugawanywa kwa zamu: huyu asubuhi, yule mchana, na mwingine jioni. Maji ya usiku huweza kukusanywa katika bwawa dogo liitwalo nduwa, ili yasipotee bure watu walalapo. Mzee wa mfongo ndiye aangaliaye zamu hizo na kuamua magomvi.

Sasa fikirini. Watu wa kijiji cha juu hupata maji kwanza, na watu wa kijiji cha chini huyapata mwisho. Wa chini hawalioni banio, wala wa juu hawaioni migomba ya wa chini ikinyauka. Ikiwa zamu imebadilishwa kwa ajili ya msiba, wa chini watajuaje? Ikiwa ukingo umebomoka, nani atawaambia wa juu? Hapo ndipo habari inapokuwa kazi, wala si mazungumzo tu. Kijiji kisicholeta habari kwa jirani yake ni sawasawa na mtu azibaye mfongo.

Hapo zamani habari za vijiji hivi zilipita kwa njia nyingi. Kazi ya mfongo ilitangazwa kwa kupiga pembe, na mtu aliyeisikia kihambani pake alichukua jembe akatoka. Habari nyingine zilipita njiani kwa salamu, maana kwa watu wa mlimani salamu haiishi kwa neno moja. Huulizwa baba na mama, watoto, na ng’ombe, hata habari zote za nyumbani zikaisha. Nyingine zilichukuliwa na akina mama waendao sokoni na ndizi zao. Masoko yalikuwa na siku zake, leo hapa na kesho kutwa pale, na mama aliyerudi sokoni alileta chumvi, na magadi, na habari za kila upande: nani amezaa, nani amefiwa, wapi mahindi yameharibika.

Wamisionari walipofika, mlango wa kanisa ukawa mahali pengine pa habari. Jumapili baada ya ibada watu husimama nje wakasikiliza matangazo ya ndoa, ya wagonjwa na ya kazi za kijiji. Kisha yakaja magazeti. Huko Kiungani, Unguja, gazeti la misheni liitwalo Msimulizi lilianza mwaka 1888, likachapa habari zilizoletwa kutoka vituo vya misheni vya bara. Na mwaka 1923 lilianza kutolewa gazeti la Mambo Leo katika Dar es Salaam, nalo lilichapa habari za mashambani, kama vile mvua, mavuno na nzige. Magazeti hayo yamekwisha zamani, na siku hizi habari hupita kwa simu ya mkononi. Habari iliyohitaji mwendo wa nusu siku sasa yafika kabla maji ya chai hayajachemka. Jambo hili ni jema sana, lakini upesi si ukweli. Uongo nao hutumia njia ile ile, tena haupungui mwendo.

Nitawasimulia jambo nililoliona mwenyewe nilipokuwa kijana.

Kiangazi kimoja maji yalikatika katika kijiji chetu, nacho ni cha mwisho upande wa chini. Siku ya kwanza tukangoja. Siku ya pili tukanung’unika. Siku ya tatu ng’ombe wakalia zizini, na mama zetu wakawa wakishuka korongoni na ndoo kichwani, kwenda na kurudi. Siku hiyo ilikuwa siku ya soko. Huko sokoni kijana mmoja wa kwetu alisema amesikia ya kuwa watu wa kijiji cha juu wameugeuza mfongo, wakaupeleka katika shamba la tajiri mmoja aliyewapa pombe. Aliyeyasikia maneno hayo akaongeza ya kuwa wamesema, watu wa chini na wanywe matope. Jua lilipokuchwa habari ilikuwa imefika kila nyumba, na kila mlango iliopita ilizidi kunenepa. Kulipopambazuka vijana kama thelathini tulikusanyika njiani kwa mapanga na marungu. Nasema “tulikusanyika”, kwa kuwa nami nilikuwamo, na rungu nililoshika lilikuwa la babu yangu.

Mzee wa mfongo alikuja na mkongojo wake akasimama katikati ya njia. Hakutukemea. Aliuliza, “Wanangu, ni nani kati yenu aliyeuona mfongo huo uliogeuzwa?”

Tukanyamaza. Kisha yule kijana wa sokoni akasema, “Mimi nilisikia, baba.”

“Ulisikia kwa nani?”

“Kwa mtu wa kijiji cha pili.”

“Naye aliuona?”

“Sikumwuliza, baba.”

Mzee akasema, “Basi mnakwenda kumwaga damu kwa neno la mtu asiyeulizwa. Kaeni chini.” Tukakaa. Akachagua kijana mmoja wa kwetu, akampa mtu mzima wa kumsindikiza, akamwagiza aende kijiji cha juu kwa amani, aombe kijana mmoja wa huko. Kisha wale wawili waufuate mfongo pamoja toka banioni mpaka kwetu, wasiruke mahali hata pamoja. Akasema, “Nendeni watu wa vijiji viwili, mniletee habari moja.”

Walirudi baada ya adhuhuri, miguu imejaa matope. Banio lilikuwa zima. Katika kijiji cha juu maji yalipita kwa wingi kama desturi. Kwa hiyo watu wa huko hawakujua kabisa ya kuwa sisi tuna kiu. Kijiji cha pili nacho kilikuwa na maji. Lakini mbele yake, mahali mfongo upitapo ubavuni mwa korongo, fuko alikuwa amechimba ukingoni, na maji yakabomoa udongo yakaanguka mtoni. Magugu yalikuwa yamefunika mahali hapo, na ngurumo ya mto ilizuia sauti ya maji yaangukayo. Kijiji cha tatu kilikuwa hakina maji kama sisi, nacho kilikuwa kimeambiwa ya kuwa kosa ni la kijiji cha pili.

Mzee akauliza, “Kipande hicho ni fungu la kijiji gani?”

Yule kijana wa kwetu akainamisha kichwa. Kilikuwa fungu letu. Baada ya masika tulikuwa tumekipita upesi, bila kufyeka magugu, kwa kuwa siku ile mvua ilirudi nasi tulitaka kwenda nyumbani.

Hakuna aliyesema neno. Tukarudisha mapanga nyumbani, tukatoka na majembe. Tulipofika penye ukingo uliobomoka tuliwakuta watu wa kijiji cha juu wamekwisha kufika, na vigogo vya migomba mabegani. Kabla jua halijachwa maji yakaja, kwanza machafu, kisha meupe. Siku ya pili baba yake yule kijana alimchukua mwanawe, wakapeleka jani la isale kijiji cha juu. Maana kwa Wachagga mtu aletaye jani la isale huomba radhi, naye apokeaye huona vigumu kukataa.

Tangu siku hiyo nimeyashika maswali ya yule mzee, nami nawapa ninyi. Mtu akikuletea habari, mwulize: Nani aliyeona? Aliona wapi? Aliona siku gani? Tena ongeza la nne: Je, na mtu wa upande wa pili amekwisha kuulizwa? Mwenye habari ya kweli hatachukizwa kuulizwa hivyo. Mwenye uongo atakasirika au atageuza maneno, maana wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi.

Wala msidhani ya kuwa watu wa vijijini peke yao ndio wakosao kuuliza. Tarehe 11 Mei mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima huu wa Kilimanjaro, akaona weupe juu ya kilele. Kiongozi wake hakuwa na jina la kitu kile, ila alikiita “baridi”. Rebmann akafahamu ya kuwa ni theluji, na mwaka 1849 habari yake ikachapwa Uingereza. Lakini bwana mmoja wa London, mtaalamu wa jiografia aliyeitwa William Desborough Cooley, alikana habari hiyo kwa maneno makali, ingawa mwenyewe hakuwa ameuona mlima. Mabishano yakaendelea miaka mingi. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken alipanda sehemu ya mlima, naye akaiona theluji, hata ikajulikana ya kuwa Rebmann alisema kweli. Basi bwana yule alikuwa na vitabu vingi, lakini alikosa jambo moja alilokuwa nalo mzee wetu wa mfongo: hakutaka kumsikiliza mtu aliyekwenda akaona. Na watu wa mlimani waliuona weupe ule kila kulipopambazuka.

Siku hizi mambo mengi ya mlimani yamebadilika. Utawala wa Wamangi ulikwisha katika miaka ya kwanza ya uhuru. Mahali pengi maji ya bomba yamefika, na mifongo mingine imekauka. Lakini mingine bado yapeleka maji vihambani, nayo bado yataka watu wa kuisafisha na watu wa kusema kweli. Maji yakichafuliwa juu, wa chini hunywa machafu. Habari nayo ni vivyo hivyo. Kila mmoja wenu yuko mahali fulani katika mfongo wa habari: amepokea kwa wengine, naye atapeleka kwa wengine. Akipokea tope, asilipitishe.

Maswali

1. Kwa nini mfongo huteremka polepole kuliko mto?
2. Taja njia tatu ambazo habari zilipita katika vijiji vya mlimani zamani.
3. Kwa nini mzee wa mfongo alitaka kijana wa kijiji cha juu aende pamoja na kijana wa kijiji cha chini?
4. Kosa la watu wa kijiji cha mwisho lilikuwa nini?
5. Andika habari moja ya kijiji chako ya juma hili katika mistari sita. Eleza nani aliyeona, aliona wapi na siku gani, na kama upande wa pili umeulizwa.