Chama Kilichozaa Mangi Mkuu

Mabogini, chini ya mji wa Moshi, majaruba ya mpunga yanalimwa na Wachagga, Wapare na wengine wengi waliofuata maji. Mchagga wa huku ukimuuliza kwao ni wapi, mara nyingi atakutajia Kibosho, Machame, Marangu au Rombo. Ni jibu la tangu zamani. Kabla ya Wajerumani kila mangi, yaani chifu, alikuwa na nchi yake. Sina wa Kibosho na Rindi wa Moshi walipigana kama maadui wa mataifa mawili.

Kahawa ndiyo iliyoanza kuwakutanisha, kupitia chama cha wakulima cha mwaka 1925 alichokiongoza Joseph Merinyo. Lakini siasa ilitoka kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo. Mwenye kihamba amezika wazee wake kwenye migomba yake. Ardhi hiyo inampa sauti katika ukoo, na hapendi kuamuliwa na mtu ambaye hakumweka mwenyewe. Mwaka 1946 Waingereza waliigawa nchi ya Wachagga sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, na juu ya wamangi wakaweka waitori watatu, machifu wa sehemu hizo. Watu walinung'unika sana.

Mwaka 1949 Petro Njau na Merinyo wakaunda Kilimanjaro Chagga Citizens Union. Njau alizitetea koo na heshima ya wazee, na papo hapo akadai mangi mkuu mmoja atakayechaguliwa na wananchi. Naona hapo palikuwa na akili kubwa: cheo ambacho mlima wote haukuwahi kukikubali kwa hiari kilidaiwa kwa lugha ya mila, na wananchi wakakipokea kama chao. Katika uchaguzi wa mwaka 1951 Thomas Marealle, mjukuu wa Mangi Marealle wa Marangu, aliwashinda waitori. Wachagga wakapata bendera, wimbo na sikukuu yao, tarehe 10 Novemba. Nadhani Uchagga tunaoujua leo ulikomaa katika miaka hiyo.

Haukupita muongo, wasomi wakaanza kuhoji madaraka ya mangi mkuu. Solomon Eliufoo, mwalimu kutoka Machame, akaongoza Chagga Democratic Party, akidai rais wa kuchaguliwa kwa kipindi maalumu. Februari 1960 ikapigwa kura, na wengi wakakikataa cheo ambacho wao wenyewe walikuwa wamekipigania. Mangi mkuu aliondolewa bila damu kumwagika, jambo ambalo Kilimanjaro inastahili kujivunia zaidi ya kahawa yake.

Mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wa machifu nchini kote, na sheria ya vyama vya siasa ya mwaka 1992 inakataza kusajili chama cha kabila. Hata hivyo kila Desemba, familia zinapopanda kwao kwa Krismasi, ukoo huitisha kikao chenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mbege, pombe ya ndizi, hunywewa, waliokosana hupatanishwa kwa isale, jani la amani, na uongozi ukiwa umechosha, watu huuondoa na kuchagua mwingine.